Video ya Tisa, Bila Maoni

Watu wa soko la Mayoni wana jambo moja la kujivunia ambalo sijalisikia kwingine: mkosoaji wao mkali kuliko wote wa video za muziki ni kipofu. Usicheke kwanza. Ukifika pale, upande ule trekta za miwa zinapopinda kuelekea kiwandani, utamkuta Abdulfatah, ambaye watu wamemkata jina wakamwita Fundi Fata, ameketi kwenye kigoda chini ya bati. Gurudumu la baiskeli liko mbele yake. Analizungusha, anazigonga spoki kwa ukucha moja baada ya nyingine, anasikiliza. Spoki iliyolegea ina sauti yake na iliyokazwa ina yake. Rimu aliyoinyoosha yeye haiyumbi, na wapo wenye macho mawili mazima waliojaribu kazi hiyo wakarudisha baiskeli za watu zikicheza kama mlevi.

Macho yake yaliharibiwa na presha ya macho mwaka mmoja na nusu uliopita. Yalianza kufifia pembeni, akadhani ni vumbi la barabara, na alipokwenda hospitali alikuwa amechelewa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Hakulia mbele ya watu. Alimuuliza daktari kama mikono nayo itapofuka, akaambiwa hapana, akasema basi kesho atafungua kazi. Akafungua kweli.

Sasa, jirani yake pale sokoni ni Mitchel, msichana wa watu, mcheshi, mwenye duka la muvi. Ukimpelekea flashi au memori kadi anakujazia filamu, nyimbo, mahubiri, chochote unachotaka. Mlangoni pa duka ametundika televisheni kubwa ambayo haizimwi, na kwenye televisheni hiyo anayetawala ni mmoja tu, Zebo. Sina haja ya kukueleza Zebo ni nani. Mwanamuziki ambaye akikohoa Nairobi, vijana wa Matungu wanatafuta dawa ya kifua. Mwezi uliopita alitimiza miaka kumi jukwaani, akatoa video zake zote kwa mpigo, ishirini na moja, za zamani zimepigwa msasa na mpya zimechanganywa humo humo. Basi Mayoni ikawa bunge. Kila aliyeleta baiskeli, kila aliyekuja kuchaji simu, kila aliyepita na kuku kwapani alikuwa na la kusema kuhusu video za Zebo.

Upande wa mashabiki spika alikuwa Mitchel mwenyewe. Upande wa wakosoaji alikuwa Mwalimu Hezekiah, mstaafu, mzee wa kanisa, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili na bado hajapona. Mwalimu alikuja kila siku kununua gazeti, akalisomea pale pale kwa Fundi, akitazama televisheni kwa jicho la pembeni na kulalamika. Alilalamikia video, kisha akalalamikia Kiswahili cha wanaozisifu. Huku kwetu, unajua, r na l ni watoto wa mama mmoja, wanavaa nguo za wenzao bila kuuliza. Mitchel akisema "kalibu Mwarimu," mzee wa watu anafumba macho kama aliyeumwa na jino.

Na katikati yao, Fundi Fata.

"Hiyo ya nne haina mwisho," alikuwa akisema, huku akigonga spoki. "Mtu anaingia kwenye gari, gari haliendi popote. Na katika ya kumi na mbili mtu ana mbio nyingi, ilhali hakuna anayemfukuza."

"Lakini Fundi, wewe umeonea wapi?" wageni waliuliza.

"Nimeambiwa. Mmoja akiniambia, sijui kitu. Wakiniambia ishirini, najua zaidi yako."

Watu walicheka na kumpa sifa zake. Alikuwa na maswali mazuri, hilo hakuna anayebisha. Zebo mwenyewe hakumshughulisha, wala magari yake, wala nyumba zile za vioo. Aliulizia wachezaji, wale wasichana wanaocheza nyuma. Wamesimamaje? Wamevaa nini? Wanaonekana wameshiba, au ni wale wa kukaza mkanda? Yule wa mwisho mkono wa kushoto, bado yupo katika video ya kumi na nne? Anauliza huku ameinamia gurudumu, hana hili wala lile.

Mayoni nzima ilijua kwa nini. Mayoni nzima ilijifanya haijui, maana kumhifadhia mtu aibu yake ni jambo lisilogharimu kitu. Yule wa mwisho mkono wa kushoto alikuwa Laila, mwanawe wa pekee.

Laila aliondoka miaka mitatu iliyopita akiwa na miaka ishirini na mbili. Hakutoroka. Alikuja akapiga magoti mbele ya baba yake, akamwambia amepata kazi ya kucheza katika video za Zebo, mkataba upo, anaomba radhi zake. Fundi Fata, ambaye wakati huo alikuwa na macho na kiburi chake chote, alimwambia maneno ambayo mtu hatakiwi kumwambia mtoto. Alisema, "Nenda. Lakini macho yangu yasikuone huko." Laila akasema ndiyo, Baba. Akaenda. Mwaka mmoja na nusu baadaye yale macho yakaondoka nayo.

Wenye midomo walisema ameapizwa na kiapo chake mwenyewe. Yeye hakusema lolote, ila alimwita mkewe, Zeituni, akamkataza jambo moja tu: Laila asiambiwe. Alijua Zeituni anazungumza na binti yake kwa simu, jikoni, kwa sauti ya chini, naye hujifanya ameshughulika na redio. Hilo aliliachilia. Lakini habari ya macho isivuke. Hakutaka mtoto arudi kwa huruma, na zaidi ya hapo, niseme ukweli, aliogopa mtoto atalikumbuka lile neno na kudhani baba yake amelipizwa kwa ajili yake. Zeituni alitii. Alitii na ilimuuma.

Basi hivyo ndivyo mtu alivyogeuka mkosoaji wa video. Alikuwa anamtafuta mwanawe kwenye maoni ya watu.

Ilifika Jumamosi moja, saa tisa alasiri. Redio moja ya hapa magharibi ilifungua simu kwa wasikilizaji watoe maoni yao kuhusu zile video ishirini na moja. Mitchel aliipandisha sauti mpaka bati likatetemeka. Mtu wa kwanza alisema Zebo ni zawadi ya Mungu kwa Afrika. Wa pili alisema video zote ni moja, imebadilishwa shati tu. Mama mmoja akasema hajaziona ila anazipinga. Fundi Fata alikuwa anacheka peke yake, gurudumu la mwuza maziwa mbele yake, spoki mbili zimebaki.

Halafu akapiga Willis kutoka Lubao, si mbali na kwetu.

"Mimi ni shabiki sugu," Willis alisema. "Mimi nasemanga ukweli. Yule dada wa upande wa Mumias, Laila, mnamjua? Mimi nimefurahi sana, kwa sababu kwa hizi video mpya Zebo amempatia mahari nzuri. Ni msichana wa heshima, amevumilia, na sasa amepata mahari nzuri. Hongera kwake."

Mtangazaji akasema asante Willis, twende kwa mwingine. Dunia ikaendelea. Pale chini ya bati, ukucha wa Fundi Fata ulikuwa umesimama juu ya spoki.

Nataka uelewe neno lile lilivyompata, kwa sababu asiye Mwislamu anaweza kudhani ni suala la ng'ombe. Katika nyumba ya Fundi Fata mahari ni haki ya msichana mwenyewe. Ni yake, baba haigusi. Lakini haitajwi hewani. Inatajwa kwenye ndoa, na ndoa ya msichana ina walii, mtu anayesimama kumwoza, na mtu huyo ni baba yake maadamu baba yu hai. Kusema Laila amepata mahari ni kusema ameolewa. Na Zebo, kila mtu anajua, mama yake ni Mwislamu. Kwa hiyo kulikuwa na kadhi, kulikuwa na mashahidi, kulikuwa na mtu aliyeulizwa mbele ya watu, "Wewe ndiye walii?", akajibu, "Ni mimi." Nani huyo? Ungedhani mtu aliyezaliwa na kukulia hapa angelitegea sikio mara ya pili neno kama lile, kutoka kinywa cha mtu wa Lubao. Hakulitegea. Mtu akiogopa jambo miaka mitatu, sikio lake hulipokea kabla halijafika.

Hakumalizia zile spoki mbili. Alichukua fimbo yake akaenda nyumbani mapema, Mitchel akamwita, hakugeuka.

Zeituni alikuwa anasonga obusuma, ugali wa huku kwetu. Fundi Fata alisimama mlangoni mwa jiko.

"Habari ya Laila," alisema. "Ulijua?"

Mwiko ulinyamaza sufuriani. Kwa miaka mitatu Zeituni hakuwa amesikia jina hilo kinywani mwa mumewe, na mara tu alipolisikia, akili yake ilikwenda kwenye jambo lililokuwa linamkaa rohoni: zile video mpya, ambazo alikuwa ameonyeshwa kwa siri.

"Nilijua, Baba Laila," alisema. "Hii ni wiki ya tatu. Nilitaka kukwambia, nikaogopa utakasirika."

"Musa naye alijua?"

Musa ni mdogo wake Fundi Fata, anauza vitambaa Mumias mjini.

"Musa ndiye aliyeniambia kwanza. Alifurahi mno."

"Alifurahi," Fundi Fata alirudia. Akageuka, akaenda kukaa uani. Chakula kililetwa kikapoa, kikarudishwa. Zeituni alimuuliza kosa lake, akajibiwa hana kosa, na jibu la namna hiyo mke wa mtu analijua uzito wake. Usiku huo sitausimulia. Mtu hakulala, basi.

Jumapili mchana, watu walipoanza kutoka makanisani, Fundi Fata alifika sokoni akiwa amevaa kanzu yake safi. Mitchel alikuwa ndiyo kwanza anafungua, na Mwalimu Hezekiah amesimama pale katika suti yake ya kanisani, anasubiri gazeti.

"Mitchel," Fundi Fata alisema, "ile video ambayo Laila anaonekana vizuri, ni ya ngapi?"

Walitazamana. Hakuwahi kulitaja jina hilo pale sokoni.

"Ya tisa, Fundi," Mitchel alisema taratibu. "Wameirudia upya."

"Iweke. Zima sauti. Halafu nyinyi wawili mniambie kilichomo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi sina, kwa hiyo niambieni."

Mitchel aliiweka. "Hii sasa ni moto, Fundi. Hii Zebo ameua kabisa, hakuna mtu East Africa anaweza..."

"Sikuuliza kama ni moto."

"Ni uchafu uliopakwa rangi," Mwalimu alisema. "Kizazi hiki, Fundi, kimepoteza..."

"Sikuuliza kizazi, Mwalimu." Sauti yake haikupanda, lakini wote wawili walinyamaza. "Nimesikia maoni ya watu mwezi mzima. Mmoja ananiambia tamu, mwingine ananiambia chungu, hakuna aliyeniambia ni nini. Simama hapo penye kioo, Mitchel. Wako wapi hao watu?"

Mitchel aliikazia macho televisheni. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama video hiyo, ingawa alikuwa ameicheza mara elfu.

"Wako kwa jengo," alisema. "Haijamalizwa. Ni zege tu na nguzo. Hakuna ukuta, upepo unaingia, naona nywele zinapeperuka."

"Wangapi?"

"Saba. Zebo katikati. Wasichana sita."

"Laila yuko kushoto mwisho?"

"Hapana. Hapo ni kitambo. Sasa yuko mbele na Zebo, mkono wa kulia. Wale wengine wako nyuma yao."

"Amevaa nini?"

Mitchel alimwangalia Mwalimu. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akasogea hadi karibu na kioo.

"Ovaroli," Mwalimu alisema. "Ya kijani. Kama ya mafundi wa gereji. Mikono mirefu, imefungwa vifungo mpaka shingoni. Kichwani ana kitambaa cheupe."

"Mwalimu, si juzi ulisema wote wako uchi?"

Mwalimu alikohoa. "Nilikuwa nazungumzia ya sita." Akavua miwani tena. "Na kusema kweli, Fundi, hii ya tisa sijawahi kuitazama mpaka mwisho. Nilikuwa najua nitakachosema."

Hilo nalo nililisikia likirudiwa sokoni kwa wiki nzima, na heko kwa mzee, maana wakosoaji wangapi wanaweza kulikiri?

"Uso wake," Fundi Fata alisema. "Mitchel, uso."

"Amekonda kiasi, si vibaya. Hapa ameinama... hapa ameinuka. Hacheki. Wale wengine wanachekanga na kamera, yeye hapana. Ni kama anahesabu hatua. Midomo inaenda hivi, kidogo kidogo. Ni kama wewe, Fundi, ukiwa na gurudumu."

Fundi Fata aliinamisha kichwa.

"Mikono," alisema mwishowe. "Niangalizieni mikono yake. Ana hina? Ana pete?"

"Hakuna hina," Mwalimu alisema. "Wala pete. Kidole gumba cha kulia kimefungwa bendeji. Basi."

"Basi aliolewa baada ya video."

"Nani ameolewa?" Mitchel aliuliza.

"Mitchel, usinihurumie. Jana mmesikia wote. Yule wa Lubao alisema Zebo amempa mahari nzuri. Mke wangu alijua, ndugu yangu alijua. Nataka tu kujua ni nani aliyesimama mahali pangu akamwoza mwanangu."

Mitchel alibaki mdomo wazi. "Fundi, si mahari ya kuoa. Mahari! Hii hapa mbele. Kitambo mahari yake ilikuwa nyuma kule, sasa Zebo amempatia mahari nzuri, hapa mbele kabisa. Si hata mimi nimekuambia?"

Alikuwa anagonga kioo cha televisheni kwa kidole, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoharibu. Fundi Fata aligeuza uso huku na huku.

Mwalimu Hezekiah alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi. "Mungu wangu," alisema polepole. "Miaka thelathini na mbili." Akamshika Fundi Fata mkono. "Fundi, nisikilize mimi. Ma-ha-li. Li. Ulimi juu. Mahali pazuri. Yule bwana alitaka kusema Laila amepata mahali pazuri pa kusimama. Mstari wa mbele. Hajaolewa mtu."

Trekta moja ya miwa ilipita, nyingine ikafuata. Kisha Fundi Fata alianza kucheka, kwanza mabegani, halafu mwili wote, mpaka akashika nguzo ya bati. Mitchel naye akacheka, na Mwalimu, na muuza nyanya wa kibanda cha pili ambaye hakujua kinachochekwa. Kicheko kilipoisha, machozi hayakuisha. Fundi Fata aliyaacha yatiririke, hakuyaficha.

"Nimekesha nikimchukia mtu asiyekuwepo," alisema. "Nimemchukia ndugu yangu. Eti amesimama mahali pangu. Mimi mwenyewe niliondoka hapo miaka mitatu, hakuna aliyenifukuza."

Mwalimu alimsogezea kigoda.

Zeituni alitokea wakati huo, bakuli la chakula limefunikwa kwa sahani, ametembea kwa haraka mpaka buibui limejaa vumbi. Alikuwa amekwisha kufikiria mabaya yote yanayoweza kumpata kipofu aliyeondoka nyumbani bila kula. Mwalimu alimweleza kwa maneno machache. Zeituni aliweka bakuli chini, akasema, "La ilaha illallah," akakaa kwenye benchi, akatikisa kichwa.

"Mimi nilisema nilijua yuko mbele," alimwambia mumewe. "Nilidhani umekasirika kwamba sasa anaonekana zaidi. Wewe ulidhani nimemwoza mwanangu kwa siri?"

"Nisamehe, Mama Laila."

"Nitakusamehe ukila."

"Nitakula. Mpigie kwanza."

Zeituni hakuuliza ampigie nani. Simu yake haikuwa na salio, kwa hiyo Mitchel alitoa yake, Zeituni akamtajia namba. Mitchel akaweka simu mkononi mwa Fundi Fata, spika ikiwa imefunguliwa wote wasikie. Iliita mara nne.

"Hello, nani?"

Fundi Fata alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri, maneno ya hasira, na sasa hayakuwa na kazi. "Asalam aleikum, Laila," alisema.

"Baba?"

"Ni mimi."

"Waleikum salam, Baba. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama yako yuko hapa, mzima. Hakuna msiba." Akavuta pumzi. "Nimekuona. Kwenye ya tisa. Uko mbele, mkono wa kulia. Umevaa ovaroli ya kijani na kidole gumba umekifunga."

Laila alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. "Umeniona? Baba, uliangalia mpaka kidole gumba? Nilijikata na bati siku hiyo, wakataka kunitoa, nikakataa." Maneno yalikuwa yanamtoka kwa fujo, kama ya mtoto aliyetoka shule. "Nilidhani hutaangalia kamwe. Ulisema macho yako yasinione, kwa hiyo kila video nilikuwa naomba wanipange nyuma. Hii ndiyo ya kwanza nilikubali kukaa mbele. Nilisema labda amesamehe. Na kumbe umeniona."

Zeituni alikuwa ameziba mdomo kwa buibui.

"Ngoja, Baba, ngoja nikuone na mimi," Laila alisema. "Washa video."

Zeituni alimpungia Mitchel mkono kwa nguvu, hapana, hapana. Lakini Mitchel hakujua lililofichwa; kwake lilikuwa jambo jema, na alikuwa amekwisha kuichukua simu, akabonyeza, akamwelekezea Fundi kioo. Uso wa Laila ulijaa kwenye kioo. Aliangalia kwa furaha, akaangalia tena.

"Baba, niko hapa. Mbona unaangalia barabarani?"

Fundi Fata aligeuza kichwa kuifuata sauti, akakosea kidogo, akaangalia bega la Mitchel.

"Baba. Mbona huniangalii?"

Angeweza kusema jua ni kali. Angeweza kusema simu ni mbovu, na mtoto angeamini, na ile furaha ya kuonwa ingebaki nzima. Niliambiwa alikaa pale kama anapima spoki, kisha akasema.

"Siwezi, mwanangu. Macho yalikwenda mwaka na nusu sasa. Mama yako nilimkataza asikwambie. Niliogopa utadhani ni kwa ajili yako. Si kwa ajili yako, ni ugonjwa, daktari analijua jina lake. Lile neno nililokwambia lilikuwa neno baya, na nilishalijutia wakati bado ninaona."

Mitchel alishika simu kwa mikono miwili, ameangalia chini.

"Na ovaroli?" Laila aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Nimeambiwa. Mitchel na Mwalimu Hezekiah wamenitazamia. Mwezi mzima nimekuwa nikiuliza watu. Kila mtu ana maoni."

Ilisikika akifuta pua. Ilisikika kiti kikiburutwa huko aliko.

"Basi nitakwambia mwenyewe," alisema. "Nimekaa karibu na dirisha. Nimevaa dera la nyumbani, lile la mama, la bluu. Limepasuka hapa begani. Nimenyoa nywele, Baba, karibu zote, usikasirike. Shingo imekuwa ndefu. Nimefanana na shangazi Fauzia sasa, kila mtu anayemjua atakwambia." Akafuta pua tena. "Ninalia, lakini si vibaya."

Fundi Fata aliinua mkono, akaukuta mkono wa Mitchel, akaisogeza ile simu karibu na uso wake.

"Endelea," alisema.